Kiti Kisikae Wazi

Tarehe 9 Februari

Mwanangu wa magodoro,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana barua yako ikifika nitakuwa nimeshasahau. Sisi huku wazima. Kuku nao wazima, isipokuwa yule mweusi, amelalia balbu iliyoungua wiki ya pili sasa, na nikimwondoa ananidonoa. Jirani yetu fundi cherehani bado hasemi na mkewe, lakini juzi amemshonea gauni, kwa hiyo nadhani wako karibu kusemezana. Goti langu la kulia linauma mvua ikikaribia, la kushoto linauma mvua ikishapita, basi habari za hali ya hewa sikosi.

Unauliza mbona simu yangu haipatikani. Si uliniambia niiweke mbali na maji? Niliiweka mbali, tena mbali sana, mpaka leo naitafuta. Tuandikiane tu kama zamani. Dereva wa lori la kiwanda chenu anapita hapa kila anapoleta magodoro madukani. Mayai namuuzia kwa bei ya ndugu, na barua anabeba bure.

Sasa neno lililonikalisha chini. Binti yako Pilipili ameingia mwaka wa mwisho wa shule. Mwalimu mkuu mpya ameleta sheria yake. Wanafunzi ni wengi, viti ni vichache, na nje kuna orodha ya wanaosubiri. Kiti kikikaa wazi siku kumi mfululizo, jina la mtoto linafutwa na kiti anapewa mwingine. Mimi sheria hiyo nimeielewa upesi, maana ni foleni tu, na foleni naijua. Nimepanga foleni ya zahanati, ya maji na ya mafuta ya taa maisha yangu yote, na mama yako hapotezi nafasi: naacha kikapu changu kwenye mstari, naenda kuuza mayai yangu, nikirudi nakuta kikapu kimesogezwa mbele na watu wamekiheshimu kama mtu. Basi usiwe na wasiwasi. Kiti cha Pilipili hakijakaa wazi kufika siku kumi, wala hakitakaa.

Ila naomba kitu. Nitumie cheti chako cha kumaliza shule. Picha yako ya mahafali ipo pale pale ukutani, na joho lako na kofia yako, lakini mtoto wa siku hizi picha haimtoshi. Anataka cheti chenyewe, chenye muhuri. Mpe dereva, nitakirudisha bila doa la yai.

Mama yako, ambaye kuku wake mweusi anatarajia kuangua taa.


Tarehe 1 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia mpaka huku, huna haja ya kuirudia. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, na mwenye nyumba amepaka rangi choo, sasa kila mpangaji anatoka na mgongo wa kijani.

Kazi inaendelea. Watu wakiniuliza nasema mimi ni mkaguzi wa ubora, na ni kweli. Godoro likitoka kwenye mashine nalilalia dakika nne ubavu wa kulia, nne wa kushoto, nne chali, kisha naandika. Wiki iliyopita nilikagua moja kwa saa mbili na nusu. Bosi akanikuta nakoroma, akauliza hii ndiyo kazi? Nikamwambia hiyo ndiyo ripoti.

Mama, nimefurahi sana kusikia habari za kiti. Mwambie Pilipili ashike hapo hapo. Tangu mama yake atangulie mbele ya haki, ahadi niliyomwekea ni moja tu, kwamba mtoto atamaliza shule, apate cheti, avae joho. Mwambie baba yake alisoma kwa kibatari, moshi ukamwingia puani, asubuhi akipiga chafya yanatoka masizi. Mwambie akae.

Kuhusu cheti, kipo, kipo salama kabisa. Kiko kazini kwenye kabati la chuma. Ufunguo wa kabati anao karani, na karani yuko likizo ya uzazi. Amejifungua mapacha. Kwa hiyo unaelewa.

Mwanao, mkaguzi.


Tarehe 4 Aprili

Mwanangu mkaguzi,

Mpe karani hongera. Mapacha wakianza kutambaa labda mmoja atatuletea ufunguo.

Huku mvua zimeanza, goti la kulia lilisema mapema. Fundi cherehani na mkewe wamesemezana, na sasa tunatamani wanyamaze. Kuku mweusi ameiacha balbu. Nilimweleza kwamba yai linahitaji joto la kadiri fulani kwa siku ishirini na moja, na kwamba hakuna uhai ndani ya kioo. Mimea nayo haili udongo kama tulivyodhani, inajipikia chakula chake kwa mwanga wa jua, inaitwa usanisinuru. Nimekaa miaka sitini na nane nikimwagilia mchicha na sikujua kumbe una jiko.

Pia nimegundua kwa nini mlango wa banda unagoma. Ni msuguano. Nimepaka mafuta, msuguano umepungua.

Shule inakwenda vizuri. Mwalimu wa hesabu ni mkali lakini ana haki. Yule wa historia ni mpole ila anakosea miaka. Deski zao zilichongwa na mtu aliyewachukia wenye nyonga, hivyo ndivyo ninavyosikia. Kuna jini moja la kijana anayekaa nyuma, ananivuta sweta, yaani anawavuta watu sweta, lakini mimi, yaani mwalimu, amemnyoosha.

Cheti bado nakisubiri.

Mama yako, mwenye mchicha unaojipikia.


Tarehe 27 Aprili

Mama,

Shikamoo, na leo naisema nikiwa nimesimama.

Nilisoma barua yako mara tatu. Neno usanisinuru umelitoa wapi? Mama, wewe uliishia darasa la tatu, ulikuwa ukiniambia mwenyewe kwamba mwalimu wenu alihama na ubao. Nikasema labda Pilipili anamsomea bibi yake jioni, nikafurahi, nikawasomea hata wenzangu kwenye mashine.

Halafu dereva akaja. Akaniambia, "Binti yako ana mkono mwepesi." Nikamuuliza mkono wa nini. Akasema amemsuka mke wake saluni, Jumanne, saa nne asubuhi. Nikamwambia Jumanne saa nne asubuhi binti yangu yuko darasani. Akasema, "Basi darasani kuna mashine ya kukaushia nywele."

Hakuishia hapo. Anasema mjini kuna kichekesho kwamba katika shule yetu kuna mwanafunzi mwenye mvi, anauza mayai wakati wa mapumziko. Lisemwalo lipo, mama. Naomba uniambie bila kuzunguka: Pilipili yuko wapi asubuhi, na wewe uko wapi?

Cheti, nilipata ufunguo. Bahati mbaya kabati lilikuwa limeingiwa na mchwa.

Mwanao.


Tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Kabati la chuma, mwanangu. Mchwa. Haya.

Salamu zote zimefika, wote wazima, tusipoteze karatasi. Umeniuliza, nakujibu.

Pilipili aliacha shule mwishoni mwa Januari. Haikuwa kwa mimba, wala si kwa mwanamume, wala si kwa kukosa akili, maana akili anazo mpaka zinamwasha. Ilikuwa hivi. Aliniambia, "Bibi, hivi kusoma mpaka mwisho kuna faida gani?" Nikamwambia, mke mwenzangu, mtazame baba yako. Akaitazama ile picha ukutani. Akaitazama sana. Akaishusha, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaitazama tena, akairudisha. Kisha akavua sweta la shule, akalikunja vizuri, akaniambia anakwenda kufanya kazi saluni. Nimesema naye kwa upole, kwa ukali na kwa machozi. Machozi yalikaribia kufaulu.

Nikahesabu siku. Siku ya tisa nikaona sheria itamla mtoto. Basi nikafanya ninachojua. Nikachukua kikapu changu nikaenda kukiweka kwenye kiti chake, nikaondoka zangu sokoni. Mwalimu wa hesabu akaita majina. Alipofika kwa Pilipili darasa zima likajibu "Yupo!" na kumwonyesha kikapu. Nilipopita saa sita kukichukua nikamkuta mwalimu amekishika mpini kama ameshika paka mgeni. Akaniambia, "Bibi, kikapu hakisomi." Nikamwambia hata huyo kijana wa nyuma hasomi na hujamtoa.

Tukapelekwa kwa mwalimu mkuu. Mwanamke mzima, miwani minene. Nikamwomba anisomee sheria yake mwenyewe. Akasoma: kiti kisikae wazi. Nikamuuliza, imeandikwa akae nani? Akasoma tena. Akavua miwani, akacheka mpaka akaegemea kabati. Kisha akasema vizuri, bibi, kaa wewe, lakini utaitikia jina, utavaa sweta, utafanya majaribio kama wengine, na ukiongea darasani utafagia. Ruhusa hiyo mwisho wake ni siku ya kuandikisha mtihani.

Kwa hiyo huyo mwenye mvi ni mimi. Nimeshafagia mara kumi na moja. Hesabu za trei nawashinda wote, uliza thelathini mara chochote. Mwalimu wa historia hanipendi kwa sababu kila anachofundisha mimi nilikuwepo.

Nilikuficha, na hilo ni kosa langu. Niliona aibu kukuambia kwamba mtoto uliyeniachia amenitoka mkononi. Lakini mficha uchi hazai, sasa nimesema.

Pilipili naye amesema neno moja. Atarudi siku baba yake atakapomwonyesha cheti. Nikamuuliza kwa nini cheti. Akasema, "Baba anajua."

Mama yako, namba thelathini na nne kwenye daftari la mahudhurio.


Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Dereva amewasha lori, anapiga honi, kwa hiyo fupi tu. Nimeshtuka, nimekasirika, nimecheka, yote kwa siku moja, nimechoka. Kuhusu cheti nitaandika nikitulia.

Nimewatumia godoro jipya, daraja la kwanza, nimelilalia mwenyewe. Mpe Pilipili. Mwambie baba anampenda.

Mwanao.


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Godoro limefika. Ni zuri. Pilipili amelala juu yake, akaamka, akasema, "Hiki si cheti."

Habari nyingine: goti la kushoto. Kuku mweusi amepata yai la kweli na hajui alifanyie nini. Simu imepatikana, ilikuwa ndani ya pipa la mahindi, na kweli maji hayakuifikia, panya ndio waliifikia.

Ripoti ya muhula imetoka, jina la Pilipili juu, kazi yangu chini. Hesabu: tisa kwa mia. Trei hazikutoka, mwanangu, zilitoka herufi. Mtu anaweka x halafu ananiuliza mimi ni ngapi, kana kwamba nilimficha. Sayansi: arobaini na mbili, na nina furaha nayo. Insha ilikuwa "Mtu ninayemheshimu," nikaandika kurasa nne kuhusu yule kuku, mwalimu akasema ina hisia.

Pilipili aliisoma ile ripoti akiwa amesimama mlangoni. Ungemwona! "Bibi! Tisa? Kwa jina langu? Mimi sijawahi kushuka sitini!" Nikamwambia basi njoo unifundishe, jina ni lako. Sasa kila jioni akitoka saluni ananikalisha kwenye meza ya jikoni na kunigombeza. "Bibi, si hivyo! Hamisha upande wa pili, badilisha alama!" Kitabu chote amekimaliza kwa hasira. Anajua kuliko wale wanaokwenda kila siku. Ila asubuhi anachukua kitana chake na kwenda saluni, na mimi natafuta sweta.

Sasa nisikilize. Wiki ya mwisho ya Julai wanaandikisha mtihani. Kila mwanafunzi anapigwa picha pale pale, sura yake na jina lake. Mwalimu mkuu ameniita akasema kwa huzuni kabisa: "Bibi, kwenye kiti nilikuruhusu. Kwenye picha siwezi." Asipokuwepo yeye mwenyewe siku hiyo, jina linafutwa, na miaka yote hii ya karo, daftari na viatu imekwenda na maji.

Nafasi yake nimeishika mpaka mahali ambapo bibi anaweza kuishika. Kuanzia hapo ni zamu ya baba. Simhitaji mkaguzi wa magodoro. Namhitaji baba yake, na hata bila karatasi aje tu na mdomo.

Jana nilifungua sanduku langu la chini ya kitanda nikitafuta miwani ya marehemu baba yako. Nikakutana na vitu vyako vya zamani. Nikakaa nikavitazama.

Mama yako.


Tarehe 12 Julai

Mama, na Pilipili, maana najua mtaisoma pamoja,

Shikamoo mama. Mwanangu, hujambo.

Nimeanza barua hii mara saba. Sita nimezisokomeza ndani ya magodoro ya kiwanda, labda kuna mtu atanunua godoro na kukuta mtu anajikanyaga.

Sina cheti. Hakuna kabati wala mchwa. Karani yupo, na mapacha ni wa kweli, ila hawahusiki.

Sikumaliza shule. Siku ya mtihani wa kwanza tulipangwa mstari nje ya chumba, mmoja mmoja anaitwa namba anaingia. Kiatu changu cha kulia soli ilikuwa imeachia, nikaifunga kwa waya. Msimamizi akaita namba yangu. Nikapiga hatua kubwa, ya mtu aliyesoma kwa kibatari. Mimi nikaenda, kiatu kikabaki. Nikasimama mbele ya watu mia mbili, kidole gumba kimetoka kwenye soksi kinawasalimia. Walicheka wote. Msimamizi naye alicheka, na hapo ndipo niliposhindwa. Nikageuka nikakimbia, kiatu nikakiacha pale pale.

Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake haya zilikuwa zimeongezeka. Keshokutwa zaidi. Baada ya wiki mtihani ukawa umekwisha, nami nimeshakuambia, mama, kwamba swali la tatu lilikuwa gumu.

Na picha. Lile joho ni shuka la kinyozi. Kofia ni boksi nililolikata na kulipaka rangi ya viatu, siku ile jua lilikuwa kali na rangi ilinitiririkia mpaka shingoni, ndiyo maana mpiga picha aliniambia nisigeuke. Cheti nilichoshika kwa mikono miwili kwa heshima ni kalenda ya duka la baiskeli.

Hapa kazini wamenipita mara tatu kwenye nafasi ya usimamizi. Kila mara wanauliza cheti, nami nasema nitaleta. Vijana niliowafundisha namna ya kulala ndio wanaonisimamia sasa. Mmoja aliniambia nalala vibaya.

Pilipili, mimi siwezi kukuambia rudi kwa sababu baba yako alimaliza. Naweza kukuambia hiki tu, kwamba nina miaka arobaini, na mpaka leo nikikuta watu wamepanga mstari, hata wa kununua mkate, kwanza naangalia viatu vyangu. Sitaki uishi hivyo. Rudi, mwanangu. Wewe viatu vyako vizima.

Mama, nisamehe. Umeitundika ile picha miaka yote, na kila mgeni akija unamwonyesha. Nilikuwa nikitamani ukuta uanguke.

Baba, na mwanao.


Tarehe 28 Julai

Mwanangu,

Nakuandikia nimekaa juu ya trei la mayai, tupu, usiogope. Habari za nyumbani baadaye kidogo.

Barua yako ilimkuta Pilipili saluni, na dereva hakuwa na subira, akampa yeye. Aliisoma mteja akiwa amesukwa nusu kichwa. Alipofika kwenye boksi na rangi ya viatu alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika kwenye viatu vyake vizima alilia. Kisha akamalizia nusu ya kichwa iliyobaki, maana kazi ni kazi, akaja nyumbani. Akaniambia aliligundua lile shuka tangu siku ya kwanza, lina kifungo begani kama yale ya saluni, na mwezi wa tano unasomeka kabisa kwenye kile cheti. Hakukasirika kwamba hukumaliza. Alikasirika kwamba unamwamrisha apite mlango ambao wewe umeuchora tu ukutani.

Kesho yake nikawa darasani katikati ya jaribio. Mlango ukafunguliwa. Pilipili, sweta, viatu vimepigwa rangi. Akaja mpaka kwenye deski, akaniambia, "Bibi, sogea." Nikamwambia ngoja, nimebakiza swali moja. Akalitazama. Akasema, "Hilo hulipati." Nikasogea. Darasa lilinipigia makofi, na yule kijana wa nyuma alinivuta sweta mara ya mwisho, kwa adabu. Jumatatu Pilipili amepigwa picha ya mtihani, sura yake, jina lake. Nywele atasuka Jumamosi tu.

Sasa mimi na wewe.

Mwanangu, nilijua. Siku ile ile nilijua. Mlinzi wa shule alikuja nyumbani saa nne asubuhi na kiatu cha kulia mkononi, kina waya. Aliniambia, "Mama, huyu wako amekimbia." Nikakusubiri mlangoni. Wewe ukarudi saa kumi na moja jioni na kandambili za kuokota, ukaniambia viatu umempa maskini. Nikakupakulia chakula. Ulipoleta picha nikaona kabisa kwamba joho lina nywele za watu. Nikaitundika kwa sababu ulikuwa unacheka ndani yake, na sikuwa na picha nyingine unayocheka.

Hapo nilikosea. Ningesema siku ile ile, ungerudi kesho yake, hata kama ni kwa kukuburuta. Niliogopa kukuaibisha, nikakuacha na aibu peke yako miaka ishirini na miwili. Mwaka huu nilikuomba cheti nikijua huna, nikingoja useme mwenyewe. Nisamehe na mimi.

Kiatu nilikiweka kwenye sanduku. Wiki iliyopita nimekipeleka kwa fundi viatu, amekishona soli kwa uzi mnene, kasema hicho hakitoki mguuni hata ukikimbia.

Hapa nilipo ni nje ya ofisi ya elimu. Wanaandikisha watu wazima wanaotaka kufanya mtihani huo huo kwa kujitegemea. Dirisha linafungwa Ijumaa saa tisa. Foleni ni ya siku tatu, na watu wameacha vitu vyao kama kawaida, mmoja mawe, mmoja chupa ya maji, mmoja kofia. Mimi nimeacha kiatu chako. Tangu asubuhi kimesogezwa mara nne, hakuna aliyekiruka wala aliyekicheka. Mimi mwenyewe nimejiandikisha jana, sayansi tu, x sitaki kuiona.

Dereva anafika kwako kesho na anageuza siku hiyo hiyo. Bosi mwambie unakwenda kukagua kitu. Njoo na mguu wako.

Mama anayeshika nafasi nyuma ya kiatu chako ameniuliza mwenyewe yuko wapi. Nimemwambia yuko njiani.

Mama yako.